Kicheza muziki ni duka lake: iPod, Zune, Walkman na Clip kwa mtumiaji wa Mtwara na Lindi

Mtu akitafuta kicheza muziki, awe Shangani pale Mtwara mjini au Newala juu, maswali yake huwa matatu: kinabeba nyimbo ngapi, betri inakaa saa ngapi, bei gani. Swali linalosahaulika ndilo linaloamua kama kifaa kitadumu: nyimbo zinaingiaje humo, na zikishaingia zinamtii nani? Vipo vifaa vilivyosifiwa dunia nzima ambavyo vilikufa vikiwa vizima. Skrini inawaka, betri inashika chaji, lakini duka lililokuwa likiviuzia nyimbo limefungwa na funguo limeondoka nazo. Kwa hiyo hapa tunaanza na duka, mashine itafuata.

Wapo watakaosema simu inatosha. Kwa wengi ni kweli. Ila simu hiyohiyo ndiyo benki, ndiyo tochi, ndiyo mawasiliano ya nyumbani, na basi la Mtwara kwenda Dar linakula kutwa nzima barabarani. Kwa aliye kwenye mikorosho Tandahimba, au mvuvi wa Msimbati anayechajia kwenye sola ya jirani, kifaa cha pembeni kinachokula umeme kidogo na kisichodai bando kina kazi yake. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania iliyumba vibaya. Nyimbo zilizokuwa kwenye memori kadi hazikuwa na habari.

Maduka yaliyokufa yalivyotufundisha

Apple ilileta iPod ya kwanza Oktoba 2001, ikiwa na diski ya GB 5, kwa dola 399. Kilichoiuza hasa kilikuja baadaye: duka la iTunes, lililofunguliwa tarehe 28 Aprili 2003, wimbo mmoja senti 99. Ulinunua wimbo unaoutaka bila kulazimishwa albamu nzima. Wimbo huo ulikuwa faili la AAC (aina ya faili la sauti, kama MP3) la kbps 128 (kipimo cha ubora: namba ikipanda, sauti huwa bora na faili huwa kubwa) lenye kufuli la kidijitali liitwalo FairPlay. Uliruhusiwa kuusikiliza kwenye kompyuta chache ulizoziidhinisha (tano, kuanzia 2004) na kwenye iPod, si kwenye vicheza muziki vya kampuni nyingine. Mwaka 2007 Apple, kwa makubaliano na kampuni ya EMI, ikaanza kuuza faili zisizo na kufuli za kbps 256, na kufikia Aprili 2009 duka zima la nyimbo likawa halina kufuli.

Historia hiyo ina faida ya leoleo kwa anayenunua iPod ya mitumba. Ukiiunganisha na kompyuta ukakuta faili zinaishia na .m4p, hizo zimefungwa na zinamtambua mwenye akaunti wa kwanza peke yake. Futa, zinakula nafasi bure. Zinazoishia na .m4a kwa kawaida ziko wazi na huimba hata kwenye simu.

Microsoft ilipita njia ya ajabu zaidi. Mwaka 2004 ilitoa nembo ya PlaysForSure kwa makampuni kama Creative na iRiver: nunua wimbo kwenye duka lenye nembo, utaimba kwenye kifaa chenye nembo. Novemba 2006 ikaja na kifaa chake yenyewe, Zune, chenye kufuli tofauti kabisa. Nyimbo zilizonunuliwa kwa nembo ile hazikuimba kwenye Zune. Yaani mteja aliyeiamini Microsoft miaka miwili nyuma ndiye aliyefungiwa nje na Microsoft.

Zune yenyewe haikuwa kifaa kibaya. Ilikuwa na GB 30, skrini ya inchi 3 (kubwa kuliko ya iPod ya wakati ule), redio ya FM, na Wi-Fi ya kumrushia mwenzako wimbo, ingawa wimbo aliorushiwa ulijifunga baada ya kuusikiliza mara tatu au baada ya siku tatu. Kilichoudhi ni duka lake. Halikuuza kwa pesa bali kwa pointi: wimbo pointi 79, na kifurushi kidogo cha pointi kilikuwa 400 kwa dola 5. Unataka wimbo mmoja, unalipa dola tano, chenji inabaki kwao. Usajili wa mwezi wa dola 14.99 ulikuwa na akili zaidi, maana kuanzia Novemba 2008 ulikuruhusu kubaki na nyimbo kumi kila mwezi hata ukiacha kulipa. Tarehe 31 Desemba 2008 Zune za GB 30 ziliganda zote kwa pamoja, kwa sababu programu ya saa yake haikujua la kufanya na siku ya 366 ya mwaka mrefu. Dawa ilikuwa kuacha betri iishe yote, kisha kuchaji Januari mosi. Uzalishaji ulikoma 2011 na huduma zake zikazimwa tarehe 15 Novemba 2015. Zune haionekani kama flashi ukiichomeka kwenye kompyuta; inataka programu yake na waya wake wa kipekee. Ukiikuta kwenye meza ya mitumba, hata kwa bei ya soda, iache hapo.

Sony, wenyewe wa Walkman tangu 1979, walijifunga kwa mikono yao. Walishikilia mfumo wao wa ATRAC wakati dunia yote inasikiliza MP3, wakafungua duka la Connect mwaka 2004, wakalifunga Machi 2008. Walionunua nyimbo waliambiwa wazichome kwenye CD kabla mlango haujafungwa. Mwaka huohuo Yahoo ilitangaza kuzima kompyuta zinazotoa funguo za nyimbo zake, ikalazimika kuwafidia wateja.

Maduka yanayotufikia sasa

Kufuli halijaondoka, limehamia kwenye programu za simu. Boomplay ilianza 2015 ikiwa imepachikwa tayari kwenye simu za TECNO, kisha Infinix na itel, ndiyo maana imeenea hadi vijijini. Kwa bongo fleva na singeli mpya ni vigumu kuipita. Lakini wimbo ulioupakua humo unabaki humo. Ukilitafuta faili lake, ukalikopi kwenye memori kadi na kulichomeka kwenye Clip (kicheza muziki kidogo cha SanDisk) au kwenye sabufa, haliimbi, na hilo si kosa la kadi wala la sabufa. Audiomack nayo nyimbo zake za nje ya mtandao husikilizwa ndani ya programu yenyewe.

Spotify iliingia Tanzania Februari 2021. Usipolipia huwezi kupakua nyimbo. Ukilipia, unapakua hadi nyimbo 10,000 kwa kila kifaa, vifaa visivyozidi vitano, kwa sharti kwamba kila kifaa kiingie mtandaoni angalau mara moja ndani ya siku 30. Kwa mtu wa mjini sharti hilo halionekani. Kwa anayekaa shambani msimu mzima wa korosho, kifaa kikiwa hakina laini na mtandao ni wa kupanda kilima, ndilo litakalomnyamazishia muziki. Kuhusu bando hesabu ni hii: kwa ubora wa kawaida wa kbps 96 saa moja inakula takriban MB 43, kbps 160 inakula MB 72, na kbps 320 inakula MB 144. Pakua usiku kwa bando la usiku, na zima ubora wa juu kabisa kama hedifoni zako ni za kawaida. Tofauti kati ya 160 na 320 haisikiki ndani ya basi.

Mdundo, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2012, ndiyo inayomfaa zaidi mwenye kicheza muziki halisi. Inatoa MP3 ya kawaida, bure, gharama zikilipwa na matangazo. Faili likishashuka ni lako la kuhamisha utakavyo: kadi, flashi, redio, gari. Kasoro zake ni mbili. Mara nyingi wimbo huanza na tangazo fupi la sauti. Halafu mix za madj ni faili moja refu: saa nzima kwa kbps 128 ni kama MB 58, ambayo si tatizo, tatizo ni vifaa vya bei chee visivyokumbuka ulipoishia. Ukizima ukiwa Nangurukuru, ukiwasha mix inaanza upya. Zikate vipande vya dakika kumi na tano kwa programu ya bure kama mp3DirectCut, ambayo hukata MP3 bila kuiharibu ubora.

Bandcamp, iliyopo tangu 2008, ndilo duka lenye adabu kuliko yote yaliyotajwa hapa. Unalipa mara moja, unachagua unataka MP3 ya 320, FLAC (faili kubwa lisilopunguzwa ubora), AAC au nyinginezo, unapakua, na hakuna kufuli. Duka linakata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na inayobaki, ukiondoa ada ya malipo, inakwenda kwa msanii au lebo yake. Bongo fleva ya redioni huko ni chache, ila singeli ya Dar inapatikana kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na muziki wa zamani wa Afrika Mashariki upo wa kutosha kupoteza jioni nzima. Malipo ni kwa kadi au PayPal. Asiye na kadi ya benki anaweza kutengeneza kadi ya mtandaoni ya M-Pesa. Weka fedha iliyozidi bei kidogo, kwa sababu bei ni ya dola na ubadilishaji hula chake. Salio likipungua hata shilingi mia, malipo hukataliwa bila maelezo.

Duka la iTunes bado linauza nyimbo zisizo na kufuli, lakini akaunti ya Apple hufungwa kwa nchi na njia ya malipo lazima iwe ya nchi hiyo. Wanaouza "akaunti ya Marekani" mitandaoni wanauza kitu ambacho siku nenosiri likibadilishwa na mwenyewe, nyimbo zako zinakwenda naye.

Halafu kuna duka ambalo kila mtu analijua na hakuna anayeliandikia: banda la stendi au sokoni, kompyuta moja, "ingiza nyimbo hapa". Kwa wengi wa Masasi na Nachingwea hilo ndilo duka. Kisheria, kunakili na kuuza nyimbo bila ruhusa ya mwenye kazi kunagongana na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndio wasimamizi. Kiufundi lina matatizo mawili. Nyimbo nyingi zimechotwa YouTube kwa ubora mdogo, zikabadilishwa kuwa "320" ili zionekane nzito; fungua faili kwa programu iitwayo Spek, na kama sauti imekatika kwa mstari ulionyooka karibu na kHz 16, hiyo ni 128 iliyovishwa kanzu. La pili ni virusi vinavyoficha folda na kuacha njia za mkato. Kicheza muziki kitasema hakuna nyimbo wakati kadi imejaa. Nyimbo hazijafutwa. Ichomeke kwenye kompyuta yenye kinga ya virusi, fungua kidirisha cha amri, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ikiwa herufi ya kadi yako), bonyeza Enter, folda zitarudi. Kisha futa njia za mkato zote.

iPod ya mitumba: inunuliwe vipi

Apple iliacha kuuza iPod Classic mwaka 2014, Nano na Shuffle 2017, na Touch Mei 2022. Kwa hiyo kila iPod utakayoiona ni ya zamani, hata ikiwa kwenye kasha.

Classic ina jina kubwa kwa sababu ya GB 160 na sauti nzuri. Ndani yake kuna diski inayozunguka. Inaposoma hupakia nyimbo kadhaa kwenye kumbukumbu ndogo ya MB 64 kisha diski hupumzika, na ndiyo maana haikati ukitembea. Ikigongwa au ikitikiswa sana diski ikiwa inazunguka, ndipo inapoumia, na bodaboda ya kwenda Kitaya ina kila sababu ya kuiumiza. Kabla hujatoa pesa, bonyeza Menu na kitufe cha katikati kwa pamoja hadi nembo ya tufaha itokee, kisha hapohapo shika kitufe cha katikati na cha kurudi nyuma. Utaingia kwenye menyu ya fundi. Nenda Manual Test, IO, HardDrive, HDSMARTData. Angalia Reallocs na Pending Sectors (sehemu za diski zilizoharibika au zinazoelekea huko): zote sifuri ni nzuri, makumi kadhaa ni ya kuombea punguzo, mamia ni ya kurudisha mezani. Ukisikia "tak, tak" ukiiweka sikioni, usiendelee hata na menyu.

Diski mbovu si mwisho, kwa kuwa kuna adapta ziitwazo iFlash zinazoweka memori kadi mahali pa diski, na kifaa kinakuwa chepesi, hakiogopi mtikisiko na betri inadumu zaidi. Lakini kasha la Classic ni la chuma kilichoshikana kwa vibano vingi, na fundi wa simu asiyewahi kulifungua atalipinda. Toleo la tano (2005, GB 30 na 60) ni rahisi zaidi kulifungua. Huko ndani, waya mwembamba wa betri ndio unaokatika kwanza.

Angalia pia Settings, About, mstari wa Format. Ikiwa imeandikwa Windows, kompyuta za kawaida zitaisoma. Ikiwa Macintosh, Windows itakuambia ui-fomati, na ukikubali vyote vilivyomo vinaondoka.

Sasa tatizo kubwa la iPod, ambalo huwakuta wote: ukikopi MP3 na kupesti kama kwenye flashi, hazionekani kwenye menyu. iPod haisomi folda, inasoma daftari lake la ndani linaloandikwa na iTunes. Faili zenyewe hupewa majina ya herufi nne yasiyo na maana na kufichwa ndani ya iPod_Control, folda ya Music, F00, F01 na kuendelea. Kwa hiyo banda la kuingiza nyimbo haliwezi kukuhudumia isipokuwa lina iTunes, na likiwa nayo kuna hatari nyingine: iTunes ya kompyuta ngeni itauliza kama ifute na kusawazisha upya. Ukibonyeza ndiyo, GB zako zote zinageuka kuwa nyimbo za mwenye banda. Kwenye iTunes yako mwenyewe weka alama kwenye "Manually manage music" tangu siku ya kwanza. Njia ya kuachana na haya yote ni Rockbox, programu huria inayofanya iPod nyingi za zamani zisome folda na hata FLAC kama kifaa kingine chochote.

Classic haina redio. Nano ya toleo la saba (2012) inayo, pamoja na Bluetooth, GB 16, na haina diski ya kuvunjika. Kati ya iPod zote ndiyo inayofaa zaidi huku, mradi betri haijavimba. Kivimbe huonekana skrini ikiinuka upande mmoja. Usiibonyeze irudi. Shuffle ya toleo la nne huchaji kwa waya maalumu unaoingia kwenye tundu la hedifoni. Waya ukipotea, umebaki na kibanio cha shati.

Walkman za sasa

Sony walijifunza. NW-E394 ni kifaa kidogo, hakina mbwembwe: unakopi na kupesti nyimbo kwenye folda ya Music, kinasoma MP3, WMA na WAV, kina FM, na betri inafika kama saa 35 kwa MP3 ya 128. Hakina sehemu ya memori kadi, kwa hiyo ukinunua cha GB 8 ndiyo hizo GB 8 maisha. Waya wake ni wa WM-PORT, plagi pana ya Sony yenyewe, na hauuzwi kwenye kila kibanda cha vifaa vya simu. Agiza wa akiba siku hiyohiyo unaponunua.

NW-A306 ni ngazi nyingine na bei nyingine, dola 350 hivi ilipotoka. Ilitoka na Android 12, ina USB-C, ina sehemu ya memori kadi, na inapokea Spotify, Boomplay na Bandcamp kama simu. Imeandikwa GB 32 lakini zinazobaki kwako ni kama 18, mfumo umekula nyingine. Haina laini: kupakua chochote lazima uiunganishe na hotspot ya simu au Wi-Fi. Kwa anayelipia Spotify kila mwezi na mwenye FLAC zake ni nzuri sana. Kwa mwingine yeyote, fedha hiyo inanunua simu janja nzuri na kicheza muziki kidogo juu yake.

SanDisk Clip, na vya bei chee

Chaguo letu kwa Mtwara na Lindi ni Clip. Clip Jam ina GB 8, sehemu ya memori kadi ya hadi GB 32, redio ya FM, betri ya saa 18 hivi; inasoma MP3, WMA, AAC isiyo na kufuli na WAV, haisomi FLAC. Clip Sport inasoma FLAC na inafika saa 25. Clip+ ya 2009, ukiipata nzima, inakubali Rockbox na sauti yake bado inaheshimika, ila hutumia waya wa USB mini, ule wa kamera za zamani. Clip+ isipoonekana kama flashi kwenye kompyuta, ingia Settings, System, USB Mode, chagua MSC.

Udhaifu wa Clip ni pale inapohesabu nyimbo baada ya kuongezewa kadi. Kadi iliyojaa huichukua dakika kadhaa, na faili moja lenye maelezo yaliyoharibika huweza kuigandisha hapo. Toa kadi, iwashe bila kadi, kisha rudisha nyimbo kwa mafungu hadi umpate mkorofi. Kwenye Clip+, kufuta faili la MTABLE.SYS huilazimisha ihesabu upya.

Vile visivyo na jina, vya skrini ndogo au visivyo na skrini kabisa, vinaimba. Usitegemee zaidi ya MP3 na WMA, wala sauti ya chini iliyo tulivu. Vingi huanza kwa kelele hata ukipunguza hadi moja. Kero yake ya kudumu ni mpangilio: vinapiga nyimbo kwa jinsi zilivyoandikwa kwenye kadi, si kwa alfabeti. Kaswida ya pili inatangulia ya kwanza, sura za kitabu cha kusikiliza zinavurugika. Zipe majina yanayoanza na 001, 002, 003, kisha panga kadi kwa programu kama DriveSort. Kuweka namba peke yake bila kupanga hakusaidii kwenye vifaa hivi.

Kadi, lebo za nyimbo na redio

Wimbo wa dakika nne kwa 128 ni kama MB 3.8, kwa 320 ni MB 9.6, kwa FLAC mara nyingi MB 25 hadi 30. Kwa GB 8 hiyo ni tofauti ya nyimbo zipatazo 2,000 na 800. Kwa singeli na mix, 128 ya kweli inatosha. Kwa taarabu yenye fidla na kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi), nenda 256, maana sauti za juu ndizo zinazochakaa kwanza.

Kadi zinazozidi GB 32 hutoka kiwandani zikiwa na mfumo wa exFAT, na Clip nyingi pamoja na vifaa vya bei chee havisomi. Zi-fomati kwa FAT32. Kidirisha cha kawaida cha Windows kimezoea kukataa FAT32 juu ya GB 32, hivyo tumia programu ndogo ya guiformat. Lakini kwanza hakikisha kadi ni ya kweli. Kadi ya "GB 512" kwa bei ya kutupa huwa ni ya GB 8 au 16 iliyodanganywa programu: inapokea nyimbo zote, inaonyesha majina yote, na zile zilizozidi uwezo wake haziimbi au zinakwaruza. Programu ya H2testw huijaza kadi yote na kusoma tena. Ikitoa ripoti ya data iliyopotea, rudisha dukani siku hiyohiyo. Kupima kadi kubwa kunaweza kuchukua saa nyingi, iache usiku umeme ukiwepo.

Majina ya nyimbo yakitokea kama alama za ajabu, au wimbo ukiitwa jina la tovuti, tengeneza kwa Mp3tag: chagua zote, weka aina ya lebo (maelezo ya wimbo yaliyo ndani ya faili) ID3v2.3 badala ya 2.4, na picha za jalada zipunguzwe hadi 500 kwa 500. Vifaa vidogo hushindwa na picha kubwa na kuchelewa kuanza wimbo.

Kwa redio, waya wa hedifoni ndio antena. Hedifoni za Bluetooth hazileti Pride FM hata kidogo. Chomeka za waya, ziache zining'inie. Na kwenye Clip mpya usikubali eneo la Marekani wakati wa kuiwasha mara ya kwanza: linaruka kwa hatua za MHz 0.2, na stesheni yoyote yenye namba shufwa baada ya nukta haitanasa. Chagua Ulaya au dunia nyingine. Kama umeshakosea, rudi kwenye mipangilio ya kifaa, badilisha eneo, kisha itafutishe stesheni upya.